Kufuli Moja kwa Linux Mbili: Jinsi Diski Ilivyogawanywa

Mtu atakaye mifumo endeshi kadhaa katika kompyuta moja ya mkononi yenye siri zake aghalabu huigawanya diski kwanza, kisha akalitia kufuli kila fungu, akaishia kuwa na nywila tele. Lakini katika kazi hii ya diski ya GB 512, iliyokuja na Windows na ikatakiwa kuongezewa Debian na Fedora, tadbiri ya zile Linux mbili ilikuwa kufunga kwanza, ndipo kugawanya ndani ya kufuli.

Windows, ambayo haisomi LUKS, kufuli la diski la Linux, iliachwa katika himaya ya BitLocker, kufuli lake yenyewe, na kabla ya kuguswa chochote ufunguo wake wa urejeshaji, tarakimu 48, ulinakiliwa karatasini. Kwani chipu ya TPM, inayotunza ufunguo wa kila siku, huutoa pale tu iridhikapo kwamba njia ya kuwasha kompyuta haikubadilika, na ujio wa mfumo mgeni huweza kuitia shaka, ndipo ule wa urejeshaji uhitajike. Fungu lake lilipunguzwa kwa zana ya Windows yenyewe.

Katika nafasi iliyopatikana, kila Linux ilipewa fungu la /boot la GB 1 lisilofungwa, dosari niliyoiridhia ili uwashaji uwe mwepesi, na salio lote likawa chombo kimoja cha LUKS chenye LVM, mfumo wa kugawa nafasi, ndani yake. Debian ilitangulia kwa sababu kisakinishi chake huunda kufuli jipya bila taabu lakini ni kizito kufungua la zamani, ilhali cha Fedora huuliza nywila na kuingia. Kwa hiyo ilikuwa sharti Debian isiimalize nafasi yote ya LVM, ili Fedora ipate pake. Swap, nafasi za akiba ya kumbukumbu, nazo zilitenganishwa, kila mfumo na yake, maana ikiwa moja ya pamoja, mfumo mmoja ukilazwa na kumbukumbu zake zikahifadhiwa humo, mwingine utaandika juu yake.

Roho ya kazi yote imo katika kichwa cha LUKS2, takriban MB 16 za mwanzo wa chombo: kikiharibika hicho, nywila sahihi haifai kitu. Nakala yake ilitolewa kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup, ikawekwa nje ya kompyuta, na mwenye mali akausiwa kwamba kila abadilishapo nywila aifute nakala ya kale na kutoa mpya, kwa kuwa ufunguo mkuu haubadiliki, na aliye na nakala ile pamoja na nywila iliyoachwa angali aweza kuifungua diski nzima ya Linux.