Gazeti la Mtaani na Jembe la Katumba

Gazeti la mtaani, yaani jarida linalochapishwa ili liuzwe na watu wasio na makazi na, katika baadhi ya miji ya Ulaya, na wakimbizi pia, linastahili pongezi kwa kumfanya mhitaji kuwa mchuuzi. The Big Issue, lililoanzishwa London mwaka 1991 na John Bird na Gordon Roddick kwa kuiga Street News la New York, humtaka muuzaji anunue nakala zake kwa takriban nusu ya bei iliyoandikwa kwenye jalada, avae kitambulisho na asimame mahali alipopangiwa. Faida ni yake, na hasara vilevile, ingawa wapita njia wengi hudhani wanatoa sadaka.

Mkoani Katavi, Tanzania, kanuni hiyo ya mhitaji kujitegemea kwa kazi yake ilishika jembe. Warundi walioyakimbia mauaji ya 1972 nchini mwao walipewa ardhi Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku hadi wakahesabiwa kuwa wanajitegemea. Hata hivyo, muuza gazeti aliwazidi kwa jambo moja, nalo si dogo: yeye barabara ilikuwa yake, ilhali mkulima wa Katumba alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi, hata kama gunia lake lilikuwa na mnunuzi Mpanda mjini. Sharti hilo liliwaondokea waliopata uraia wa Tanzania, ambao vyeti vyake vilianza kugawiwa mwaka 2014 kwa watu wapatao 162,000 waliokubaliwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu.