Mchanganyiko wa Lugha Katika Ufipa: Je, Kosa ni la Vijana?

Miongoni mwa walimu wa Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa husikika mara kwa mara malalamiko haya: kwamba vijana wa siku hizi wanaharibu Kiswahili. Hutia maneno ya Kiingereza katikati ya usemi wao, na maneno mema ya kale huyapa maana ngeni. Wenye kulalamika ni watu waipendao lugha, kwa hiyo haifai kuwadharau. Lakini yafaa kuipima lawama yao, maana hukumu isiyopimwa humwonea asiye na kosa, na mwenye kosa humwacha aende zake.

Katika kazi hiyo ya kupima twapata msaada mkubwa kwa Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling. Mwaka 2006 walitoa katika jarida la Swahili Forum, toleo la 13, utafiti juu ya ile iitwayo lugha ya mitaani katika Tanzania, pamoja na orodha ya maneno yapatayo elfu na zaidi. Sifa yao ya kwanza ni kwamba hawakuanza kwa kukemea, bali kwa kusikiliza. Nasi tukisikiliza kama wao, twaona kwamba sehemu kubwa ya usemi huo haitoki Uingereza hata kidogo. Rafiki huitwa mshikaji, kwa kuwa hushikamana na mwenzake. Apendaye kitu mno husema amekizimia, kama mtu aliyepotewa na fahamu. Na nchi yetu huitwa Bongo, kwa kuwa aishiye humo hana budi kutumia ubongo wake. Hiyo ni kazi ile ile ya sitiari tuisifuyo katika methali na vitendawili.

Hata maneno yaliyotoka Kiingereza hayakuingia ovyo. Kijana akikasirishwa husema, "Nimemaindi." Asili yake ni neno la Kiingereza mind, lakini limepewa irabu ya mwisho, likavikwa nafsi na wakati wa Kiswahili, nalo hukanushwa kama kitenzi kingine chochote: sikumaindi, hajamaindi. Kadhalika madereva walisoma kwenye njia panda za mviringo maneno keep left, yaani shika kushoto, wakapata jina la mahali hapo, kipilefti, na wingi wake vipilefti. Anayecheka na akumbuke neno kitabu. Katika Kiarabu silabi ile ya kwanza si kiambishi, bali ni sehemu ya mzizi. Wazee wetu ndio waliolikata neno mahali pasipo na kiungo, wakasema vitabu. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Vijana wa Hong Kong, wasemao Kikantoni, hulipasua neno la Kiingereza happy, wakatia katikati neno lao la kukanusha, wakauliza "hap-m-happy?" yaani, "Umefurahi au hukufurahi?" Ndivyo lugha yao iulizavyo maswali, na neno geni limelazimika kutii sheria za mwenyeji.

Sasa na tusikilize upande wa pili. Mwalimu mmoja, ambaye hatutamtaja, alimwadhibu mwanafunzi mbele ya wenzake kwa neno lile la kumaindi. Kisha, bila kupumzika, akaligeukia darasa akasema, "Haya, kila mmoja a-submit assignment yake Friday." Hakuna aliyecheka, wala yeye hakujisikia. Lakini tukiyalinganisha maneno ya hao wawili, ni nani aliyeibomoa lugha zaidi? Mwanafunzi alilipokea neno geni akalifanya lizaliwe upya katika Kiswahili. Mwalimu aliyapachika mabichi, na matatu yote yalikuwa na Kiswahili chake tayari: kukusanya, kazi, Ijumaa. Hata hivyo usemi wa mwalimu huhesabiwa kuwa dalili ya elimu, na wa mwanafunzi dalili ya uhuni. Basi tunachohukumu mara nyingi si usemi, bali ni cheo cha msemaji.

Hatusemi kwamba kila kitu ni chema. Kuna maneno ya mitaani yawashushao wanawake heshima, na kijana ayatumiaye apaswa kuonywa. Tena insha, barua ya kuomba kazi na mahubiri havipatani na maneno ya kijiweni. Lakini hilo ni kosa la mahali na adabu, si la lugha. Mtu avaaye nguo za shamba kanisani hatuziiti nguo zake mbovu. Wala lisisahauliwe neno daladala. Lilianza kama mzaha wa mitaani juu ya sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala, nayo ndiyo iliyokuwa nauli. Leo neno hilo limo katika kamusi.

Kuhusu kichwa cha utafiti tulioutaja tuna neno moja la kutoa. Kimeuita usemi huu mtindo wa vijana wa mjini. Kwa sisi tuishio Ufipa, mpaka huo wa mji hautoshi. Kijana atokaye kijijini hubeba lugha tatu: Kifipa cha nyumbani, Kiswahili, na Kiingereza cha sekondari. Twabishana sana juu ya Kiingereza kuingia katika Kiswahili, lakini mchanganyiko ulio mkubwa zaidi hatuusikii: ni Kiswahili kuingia katika Kifipa. Kilifika na misafara ya karne ya 19, kikakazwa na utawala wa Wadachi na shule za wakati wote uliofuata. Leo sikiliza sokoni: hesabu, bei, siku na majina ya kazi hutamkwa kwa Kiswahili hata na wazee wasemao Kifipa. Kiswahili kina Baraza lake la Taifa tangu mwaka 1967, kina vitabu, magazeti na redio. Maneno machache ya vijana hayatakiua. Kifipa hakina ulinzi huo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yahimiza lugha za asili zitunzwe, lakini darasani hazina kipindi.

Ushauri wetu kwa walimu na mapadri ni huu. Mwanafunzi akisema neno la mitaani, asipigwe wala asifedheheshwe, aulizwe, "Jambo hilo utalisemaje kwa Kiswahili sanifu? Na bibi yako angelisemaje kwa Kifipa?" Akiweza yote matatu, hana kosa, bali ana mali. Asipoweza la tatu, na tutambue kwamba hapo ndipo penye hasara.

Wazee hutueleza kwamba jina la Sumbawanga ni maneno mawili ya Kifipa, maana yake "tupa uchawi." Kijana aliyezaliwa mjini humo naye hajui jina la mji wake lasemaje, amepungukiwa na kitu ambacho Kiingereza hakikumnyang'anya. Sisi wakubwa ndio tuliosahau kumpa.