Anayekaa Hadi Mtoto Alie

Barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta hupita Mwatate kwenye mashamba ya mkonge, kisha huingia nyika ambayo usiku huwa ya ndovu. Juu kuna milima, Chawia, Wusi, Ronge, na vijia ambavyo bodaboda hawavikubali mvua ikinyesha. Mwanamke akishikwa na uchungu saa nane za usiku huko, watu wa nyumbani huanza kupiga hesabu: nani ataamshwa mwenye gari, nani atafuatana naye, na nani atabaki naye akishafika. Huyu anayebaki ndiye ninayetaka kumsifu.

Zamani alikuwa mkunga wa jadi. Alizalisha, akakata kitovu, akamkanda mzazi kwa maji moto, akapika uji. Yapo yaliyomshinda: damu isiyokatika, kifafa cha mimba, mtoto aliyejilaza vibaya tumboni. Wanawake walikufa, na serikali haikukosea kutaka uzazi uhamie hospitalini. Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa kujifungua katika hospitali za umma kungekuwa bila malipo, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba uzazi 89 katika kila 100 ulisimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi. Ni hatua ya kushangilia. Ila mkunga alipoambiwa aache kuzalisha, awe msindikizaji tu, wengi walimhurumia kana kwamba amenyang'anywa fani yake. Mimi naona ameachiwa sehemu yake iliyo ngumu zaidi.

Mtazame akiwa kazini. Msichana wa mimba ya kwanza ameinama, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Msindikizaji amesimama nyuma yake. Uchungu ukipanda, anakandamiza kiuno kwa kitako cha kiganja, chini kabisa, karibu na mfupa wa mkia; uchungu ukishuka, analegeza. Hajaambiwa lini, anasikiliza pumzi. Uchungu ukitulia anampa maji funda moja, anamfuta jasho kwa pindo la leso, anamwambia, "Twende hadi dirishani, mwanangu, turudi." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu amezaa, tena ameona wengi wakizaa. Msichana anapolia kwamba basi, ameshindwa, arudishwe kwao, asiyejua hutaharuki. Yeye hujua kwamba kauli hiyo mara nyingi huja mtoto akiwa karibu. Anamsogelea sikioni na kumwita kwa jina lake.

Hapo pana kazi ya mwili pia. Mwanamke akiingiwa na hofu, mwili wake humwaga adrenalini, na adrenalini huizuia oksitosini, homoni inayoubana mji wa uzazi ili mtoto ashuke. Sauti ya utulivu, basi, inaingia hadi kwenye damu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao mfululizo walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wao ukawa mfupi kidogo, na waliopasuliwa wakawa wachache. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mwenzake aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Huko mijini wanaofanya kazi hii siku hizi huitwa dula, na hulipwa vizuri. Wa milimani hupewa sabuni, sukari, pengine leso.

Ninachokiheshimu zaidi ni mpaka wake. Hapimi njia, hatoi dawa, haingizi mitishamba wodini. Hayo ni ya sista, ambaye usiku huenda yuko peke yake na wazazi kadhaa, huku akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kujaza chati. Msindikizaji humwongezea macho. Akiona damu imezidi, au mama akilalamika kichwa kinamgonga na macho yanafifia, hangoji, anaita. Mtoto akishalia, anasaidia kumweka kifuani na kumwonyesha ziwa kabla saa moja haijapita. Ndipo anapotoka kumpa habari baba aliyekesha kwenye benchi huko nje.

Wodi nyingi huwa na vitanda kadhaa katika chumba kimoja, na nawaelewa wauguzi wanaosita kuwaingiza waume. Sababu hiyo haimgusi mwanamke huyu. Hata hivyo mara nyingi huachwa langoni na khanga zake, msichana akaingia peke yake.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na posho. Kaunti ya Taita Taveta na imtazame msindikizaji kwa jicho hilohilo: apewe mafunzo mafupi, aandikwe jina, alipwe nauli na posho. Nanyi mnaosimamia wodi za kujifungulia, huko Voi, Wesu na Mwatate, mwekeeni kiti kando ya kitanda, na mumfungulie mlango.