Fremu Tatu za Isevya

Mwezi wa tatu nilimtumia dada picha kumi na moja kwa WhatsApp. Zote zilikuwa za sebule: kuta za krimu, kochi la kijivu, na juu ya kochi fremu tatu zenye ukubwa mmoja, kila moja ikiwa na tao, duara au mstari basi. Chini yake nikaandika, “Sebule ya mama ingekaa hivi.” Nasoma shahada ya uzamili ya sanaa Dar es Salaam, kwa hiyo nyumbani neno langu kuhusu mambo ya ukuta huchukuliwa kama neno la fundi.

Nilipofika Tabora likizo, mwezi wa saba, sebule ya Isevya ilikuwa imeshabadilika. Dari ya jipsamu, ukuta wa krimu, fremu tatu. Kalenda zilikuwa zimeondoka, vitambaa vya makochi vimeondoka, na picha ya baba imeondoka. Ilikuwa kwenye kona ya kulia, juu kabisa karibu na dari, imefungwa kwa uzi ikainamia chini kama mtu anayesikiliza mazungumzo. Dada aliziba tundu la msumari kwa saruji nyeupe. Ukiangalia vizuri utaliona.

“Imependeza, eti mdogo wangu?” aliuliza. Nikasema imependeza. Mama alisema nyumba imekuwa safi kama zahanati, na sikujua kama anasifu.

Nataka kuzitendea haki fremu hizo, maana ni mimi niliyezileta. Ziko katika ukoo wenye heshima. Desemba 1915, mjini Petrograd, Kazimir Malevich alionyesha mraba mweusi juu ya turubai nyeupe. Hakuutundika usawa wa macho. Aliuweka juu, kwenye kona ya chumba, mahali ambapo Warusi wa Kanisa la Othodoksi huweka picha takatifu majumbani mwao. Kila aliyeingia alijua ni nini kingepaswa kuwa pale. Ugomvi wote wa mraba ule ulikuwa na kile kisichoonekana.

Miaka hamsini baadaye Marekani, Donald Judd na wenzake walitengenezesha masanduku ya chuma viwandani na kuyaweka sakafuni, yasimwakilishe mtu wala mti wala hisia. Jina la minimalizimu walibandikwa na wahakiki. Insha ya mwanafalsafa Richard Wollheim yenye jina hilo ilitoka 1965, na Judd mwenyewe hakulipenda. Nao walikuwa na wa kugombana naye, ile michoro ya kizazi kilichowatangulia, iliyojaa rangi za kumwagwa na nafsi ya msanii. Agnes Martin, ambaye hujumuishwa nao ingawa alikuwa na njia yake, alichora mistari ya penseli kwa mkono juu ya turubai za karibu mita mbili kila upande. Kwa mbali ni ukungu. Kwa karibu, mstari unatetemeka pale penseli ilipopita juu ya nyuzi za turubai, na hapo ndipo kazi yake ilipo.

Nilisogea karibu na fremu za dada. Niliona nukta za wino wa mashine. Mkono haukupita hapo, wala hakuna kilichokataliwa. Tao lile lingeweza kutundikwa hotelini, benki, au kwa daktari wa meno, na pote lingesema jambo lile lile: mwenye chumba hiki hataki maneno.

Muuzaji aliziita rangi hizo “udongo wa Afrika”. Hilo ndilo lililonipandisha bodaboda hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi, na mzee akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tembe lile lina kuta nene nyekundu na paa la bapa, na vyumba vimezunguka ua. Nilikwenda nikitumaini, nikiri, kupata hoja nzuri: kwamba sisi tulikuwa na utulivu huu kabla ya New York. Milango ikaniharibia. Imechongwa kwa mtindo wa Unguja, maua na mizunguko, mbao ngumu yenye kazi kila inchi. Ukuta ule ni mnene kwa sababu ya jua na wezi, na kwa sababu unabeba paa la udongo. Mtu alipopata fedha ya kupamba, alipamba.

Wenye nyumba kama hizo walikuwa ndugu na washirika wa watu wa pwani, ambako kuta za nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilitobolewa zidaka, safu kwa safu, ili vyombo vya kauri vipate pa kukaa. Na Wanyamwezi, waliobeba pembe hadi Bagamoyo, hawakuwa watu wa kuridhika na chochote. Wafanyabiashara wa misafara walilazimika kujua ni shanga za rangi gani zinatakiwa kwa nani msimu huo. Ukikosea rangi, mzigo umekufa mikononi mwako. Bara hili lilikuwa na mapendeleo makali kiasi cha kuwasumbua wauzaji wa shanga hadi Venice.

Sanaa ya ukutani yenye mistari michache na rangi chache ipo pia magharibi ya Tanzania. Mwaka 1953 Hans Cory alitoa kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka wa Usukuma, majirani na ndugu zetu. Nyoka, watu, viumbe wa hadithi, vyote kwa umbo tu. Ilikuwa ndani ya nyumba za chama, kwa ajili ya wanaoingizwa, na kila umbo lilikuwa na somo lake. Uchache ule ulikuwa wa watu wanaojua tayari, kama wazee wanaozungumza kwa nusu sentensi. Mgeni asingeelewa, wala hakuitwa aelewe.

Jioni ile nilimweleza dada habari za Malevich na kona. Alisikiliza hadi mwisho akikunja nguo. Kisha akasema nisimletee habari za Warusi. Tangu mazishi, kila mgeni aliyeingia aliinua macho kwenye kona ile kwanza, akaanza kumpa mama pole upya. Miaka minne, pole. Alitaka mama akae sebuleni kwake siku moja bila kuomboleza.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria krimu.

Picha ya baba iko chumbani kwa mama sasa, juu ya kabati, imeegemezwa ukutani. Nilipojitolea kupigilia msumari alisema niache. Akitaka kuifuta vumbi, pale anaifikia.