Mwalimu Anayehesabu Nane

Kuna masomo mawili ambayo humdanganya mkufunzi kuliko mengine yote, nayo ni muziki na elimu ya viungo. Mwanachuo husimama mbele ya darasa la mazoezi, akaimba kwa sauti tamu au akaruka kama swala, na mkufunzi aliyeketi nyuma na karatasi yake ya tathmini akavutiwa, akaandika alama za juu. Hayo aliyoyaona ni ufundi wa mwimbaji au wa mruka viunzi. Ualimu wenyewe bado hajauona. Kwa miaka mingi niliwarudia wakufunzi wenzangu neno hili hata wakanichoka: ukitaka kujua kama mtu anafundisha, geuza kiti chako uwatazame wanafunzi.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya binti wa mdogo wangu, ambaye kwa desturi yetu ni binti yangu pia. Mwaka 2024 alipata cheti cha kufundisha mazoezi yanayochanganya Pilates na miondoko ya dansi. Mafunzo yake yalichukua siku nne. Aliporudi Dodoma akanionyesha kijitabu chenye picha, orodha ya mazoezi 24, na nyimbo ambazo kila zoezi limepangiwa. Nilikisoma chote, mara mbili. Ni kijitabu kizuri kwa maana ya uchapaji wake. Kimeeleza mguu uende wapi, mkono uende wapi, na katika pigo la ngapi. Sikuona ukurasa hata mmoja unaosema mwalimu afanye nini endapo mguu wa mwanafunzi hauendi.

Sikuwa na elimu ya mambo ya Pilates, basi nikatafuta habari zake, na habari zenyewe zilinivutia kuliko nilivyotegemea. Joseph Pilates alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Mönchengladbach mwaka 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, na kwa kuwa alikuwa raia wa nchi ya adui aliwekwa kizuizini katika Kisiwa cha Man pamoja na Wajerumani wengine maelfu. Huko ndiko inakosemwa kwamba aliwafanyisha wafungwa wenzake mazoezi na kuyakuza mawazo yake. Mwaka 1926 alihamia New York, akafungua chumba cha mazoezi katika mtaa wa Eighth Avenue. Jirani zake walikuwa wacheza dansi, nao walikuwa wakiumia magoti, nyonga na migongo kila siku. Mabingwa kama George Balanchine na Martha Graham waliwatuma wachezaji wao kwake. Yeye mwenyewe hakuiita kazi yake Pilates. Aliiita sayansi ya kuutawala mwili.

Msomaji aone jinsi mambo yalivyokwenda. Dansi haikuingia katika mazoezi hayo kama pambo. Wacheza dansi walikuja kwa sababu dansi ilikuwa imewavunja, wakamkuta mtu mwenye macho makali, aliyewatazama mmoja mmoja. Alipofariki mwaka 1967 hakuacha mtihani wala mtaala uliokamilika, aliacha wanafunzi waliokaa naye miaka, na wengi wao, akina Romana Kryzanowska na Eve Gentry, walikuwa wametoka katika dansi. Huko London nako mcheza dansi Lotte Berk, naye mzaliwa wa Ujerumani, alifungua darasa lake mwaka 1959, akayatumia mazoezi ya kushikilia fito ambayo wacheza baleti hufanya kila asubuhi. Mengi ya madarasa ya leo yanayochanganya dansi na mazoezi ya mkekani yametokana na watu hao.

Kisha mwezi Oktoba mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba jina Pilates ni la watu wote, halina mwenyewe. Uamuzi huo nauona wa haki, maana mtu hawezi kumiliki namna ya kunyoosha mgongo. Lakini tangu hapo yeyote aweza kuandika jina hilo juu ya mlango wake na juu ya cheti anachokitoa. Ziko shule ambazo mwalimu hupitia saa 450 au zaidi za masomo, kutazama, na kufundisha chini ya uangalizi kabla ya kuhitimu. Ziko nyingine za siku nne. Cheti kwa cheti, ukiviweka mezani, havitofautiani sana kwa rangi.

Sasa nilieleze somo lenyewe, maana nililitazama kama nilivyotazama masomo mengi ya wanachuo, nikiwa nimeketi nyuma na kalamu mkononi. Ulikuwa ukumbi wa kukodi hapa mjini, Jumamosi asubuhi. Akina mama walikuwa 14. Baadhi yao ni watumishi waliohamia na serikali baada ya mwaka 2016, wengine ni wenyeji. Mwalimu aliingia, akawaamkia wakubwa kama ipasavyo, akawasha muziki. Kwa uchezaji wake sina la kusema ila sifa. Ana wepesi wa viungo aliopewa na Mungu, na sauti yake inafika hadi ukutani bila kupiga kelele. Laiti wanachuo wangu wa zamani wangekuwa na sauti ile.

Alihesabu nane. Kila jambo lilikwenda kwa nane: nane kwenda kulia, nane kurudi, nane chini, nane juu. Katika zoezi la kwanza la mkekani, lile liitwalo zoezi la mia, mtu hulala chali, huinua kichwa na miguu, na kupiga mikono hewani huku akivuta pumzi kwa mapigo matano na kuitoa kwa mapigo matano, mara kumi. Hesabu ile ni hesabu ya pumzi. Ndiyo maana ya zoezi. Yeye aliipangia wimbo wenye mapigo manane, kwa hiyo ilipofika pumzi ya pili akina mama walikuwa hawajui wavute au watoe, na wengi, kama afanyavyo mtu yeyote aliyechanganyikiwa, wakaziba pumzi. Nilihesabu tisa walioziba. Mwalimu hakuwaona kwa sababu naye alikuwa amelala chali, akilifanya zoezi kwa uzuri sana.

Mbele kidogo lilikuja zoezi la kuinuka kutoka kulala hadi kuketi, uti ukikunjwa pingili kwa pingili. Alikuwepo mama mmoja, mkunga mstaafu, umri wake haupishani sana na wangu. Alijaribu mara mbili, mara ya tatu akabaki amelala akishika kiuno. Mwalimu akasema kwa upole, "Usikate tamaa mama, moja zaidi!" Kwa mama wa umri ule, ambaye mifupa yake yawezekana imepungua uzito, kukunja uti namna ile kwa nguvu ni jambo linaloonywa na wanaojua, pingili yaweza kupasuka. Mama yule aliinuka kwa kujisukuma na viwiko, akafanya moja zaidi, kwa sababu amelelewa kumtii mwalimu. Hapo ndipo nilipoacha kuandika.

Sikumwambia kitu binti yangu siku ile mbele za watu. Jioni tulipokaa nilimwuliza swali moja: yule mama anaumwa nini? Akasema, "Sijui, baba mkubwa, hatukufundishwa kuuliza." Jibu hilo silihesabu kama kosa lake. Nalihesabu kama tathmini kamili ya mafunzo aliyopewa, na wala sihitaji kukitaja kituo kilichoyatoa, maana naamini vipo vingi vya aina yake.

Mimi ni Mgogo, na msomaji atakuwa ameshahisi ninakoelekea. Wanawake wa kwetu hupiga muheme. Ngoma ile, iliyobana katikati, huibana kwa mapaja, magoti yakiwa yamelegezwa, kiuno kimetulia, mikono ikipiga, na juu ya hayo yote mwanamke anaimba na kusogea. Ajaribu msomaji kubana mtungi mapajani na kuimba ubeti mmoja tu. Atajua papo hapo iliko misuli ambayo binti yangu anaitafuta mkekani kwa muziki wa kukodi. Mama zetu waliokuwa wakipiga magoti mbele ya jiwe kusaga uwele walikuwa wakiifanyia kazi misuli hiyohiyo kila alfajiri, ingawa hakuna aliyewapa cheti, na ingawa, tusidanganyane, jiwe lile liliwaumiza wengi.

Namna ya kuifundisha ndiyo iliyonishughulisha. Nilipokuwa mtoto nilitazama wasichana wakijifunza kupiga kwa kusimama karibu na wakubwa. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Mtoto alipewa pigo moja dogo, lile la kushikilia, akaachwa nalo msimu mzima huku wenzake wakijenga juu yake. Alipoteleza, mama aliyesimama ubavuni alimgusa goti au alibadilisha pigo lake mwenyewe hadi mtoto akarudi. Mwalimu alikuwa ndani ya ngoma, lakini jicho lilikuwa kwa mtoto. Siwezi kusema kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Mafunzo ya jando na unyago yalikuwa na vitisho na maumivu ambayo nafurahi wajukuu wangu hawayajui, na mtoto mwenye kilema aliwekwa pembeni tu bila mtu kufikiri angeshirikishwaje. Lakini jicho lile la ubavuni ni ujuzi wa ualimu, na kijitabu chenye mazoezi 24 hakina hata kivuli chake.

Wapo watakaosema ngoma haifundishiki kwa utaratibu wa shule. Hilo silikubali. Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, Mwalimu Nyerere alimtoa huku na kumwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye alifundisha Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Alipofariki mwaka 2003 aliacha ndugu na wanafunzi wanaopiga zeze na marimba mbele ya mataifa. Kwa upande wa walimu wa shule, Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kimetoa walimu wengi wa sanaa na michezo. Kwa hiyo mahali pa kujifunzia pamekuwepo. Kilichopungua ni heshima. Katika shule nyingi nilizokagua, kipindi cha michezo kilikuwa kipindi cha kufagia uwanja, au cha kurudia hisabati mtihani ukikaribia. Mitaala mipya iliyoanza mwaka 2024 imezipa sanaa na michezo nafasi yake katika shule za msingi. Tutazame kama ratiba za shule nazo zitatoa.

Na tulipofundisha miili ya watoto kwa bidii, tuliifundisha kwa ajili ya jukwaa. Wa rika langu wanaikumbuka halaiki: watoto mamia uwanjani, rangi zinabadilika, herufi zinaandikwa kwa migongo ya watoto. Ilipendeza mno kutoka juu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama chini, kwenye jua la Dodoma na vumbi lake, na toka chini huoni herufi, unaona mtoto mmoja anayetetemeka magoti na ambaye hathubutu kushusha mikono kwa sababu atakuwa kibanzi katika herufi ya taifa. Darasa la binti yangu lilinikumbusha hilo kuliko nilivyopenda. Hesabu ya nane ni nzuri kwa anayetazama kutoka juu.

Tulibishana naye siku kadhaa, na hoja yake nzito sina budi kuiandika kama alivyoitoa. Nilimweleza kwamba mwanachuo wetu hakukabidhiwa darasa kabla ya wiki nyingi za mazoezi ya kufundisha, mwalimu mzoefu akiwa nyuma yake, na kwamba mtu anayegusa migongo ya watu anahitaji zaidi ya hapo, si pungufu. Akaniuliza, "Baba mkubwa, wale walimu wenu walilipiwa na serikali. Mimi nani atanilipia saa 450, na nile nini wakati huo?" Ada ya zile siku nne peke yake aliilipa kwa kuuza cherehani yake. Ni kweli. Anayeuza mafunzo mafupi huwauzia wasioweza kununua marefu, kisha hao huwafundisha wasioweza kwenda kwa daktari wa viungo, na gharama yote huishia katika mgongo wa mkunga mstaafu.

Tulichokubaliana ni kidogo. Yule mama alihamishiwa kwenye kiti, naye hufanya mazoezi ya kuketi na kusimama akishikilia egemeo la kiti kingine, na hakunji tena uti. Kabla ya somo kila mmoja huulizwa mwili wake umeamkaje. Muziki hauwashwi hadi nusu saa ya pili. Katika nusu ya kwanza mwalimu halali mkekani, anazunguka. Wateja watatu wameondoka, wakisema darasa limekuwa kama zahanati. Mkunga amebaki, na wiki iliyopita alikuja na muheme ya marehemu dada yake, akamwomba binti yangu aishike kwa mapaja. Aliidondosha mara nne, mama akacheka hadi machozi, akamgusa goti.