Aliyeshindwa Haondoki

Penye televisheni moja, maneti mbili na vijana kumi, sheria haihitaji kubandikwa ukutani: aliyeshindwa anasimama, anayefuata anakaa. Mwenye chumba cha michezo ya video naye anaipenda sheria hiyo, maana pambano la watu wawili huisha upesi na faranga huingia upesi. Mtoto aliyekuja mara ya kwanza hulipa, hupigwa chini ya dakika moja, huinuka. Amejifunza nini? Kwamba yaya aliyekaa kulia kwake anajua, na yeye hajui.

Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa Tekken, mchezo wa video wa kupigana, lakini ninachokistaajabia zaidi si pambano hilo la makelele. Ni zile sehemu ambazo chumba cha kulipia huzipa nafasi ndogo: mtu mmoja dhidi ya mashine, na watu wawili upande mmoja. Huko aliyeshindwa haondoki. Huko ndiko mafundi wa kampuni ya Namco walikoficha kazi yao nzuri.

Tuanze na vidole. Tangu Tekken ya kwanza, vitufe vinne vya maneti vimegawiwa mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Vya juu mikono, vya chini miguu. Anayeanza haambiwi akariri majina ya mapigo. Anapewa mwili, aujaribu.

Kisha shika Tekken 3, iliyoingia PlayStation mwaka 1998. Ukicheza peke yako unapandishwa ngazi. Wapinzani wa mwanzo wanakuachia nafasi, wa baadaye wanakuziba kila mlango, hadi unamfikia Ogre. Ukimwangusha, anarudi na umbo jingine, kubwa na baya zaidi, wakati wewe ulikwisha shusha pumzi. Ukishinda unaonyeshwa filamu fupi ya mwisho, na kila mpiganaji ana yake. Kwa hiyo anayetaka kujua hadithi nzima hana budi kujifunza mikono ya wengi, si ya kipenzi chake tu. Filamu ni peremende, mazoezi ndiyo chakula.

Wapiganaji wengine wamefichwa. Hufunguka kadiri unavyomaliza ngazi. Mmoja wao ni Mokujin, sanamu la mti lisilo na mtindo wake. Kila raundi linaazima mapigo ya mpiganaji mwingine, na hujui ni ya nani mpaka lisogee. Aliyezoea kushinda kwa mateke mawili yaleyale hana pa kujificha. Fundi aliyemtunga Mokujin alitunga mtihani, akauvika sura ya mchezo.

Kuna chumba cha mazoezi ambako mpinzani anasimama tu na uhai wake hauishi. Unaweza kurudia mfululizo wa mapigo kumi mara mia, na ukikosea pigo la saba hakuna anayecheka. Kuna sehemu ya kuvumilia, ambako ukishinda unarudishiwa uhai kidogo tu kabla ya mpinzani mwingine kuingia. Hapo pigo la kizembe ulilokula mapema unalilipa baadaye. Na kuna Tekken Force, ambako unatembea ukipambana na makundi ya askari, na kuku uliyemwokota njiani anakurudishia nguvu. Kila sehemu ina somo lake: kukariri, kubana matumizi, kuangalia pande zote.

Kukariri kwa vidole si jambo geni katika nchi hii yetu ya Kongo. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti unaoenea mkononi, uliopambwa kwa shanga na simbi. Mtunza kumbukumbu wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na habari za wafalme na za nchi zikatoka kinywani. Maneti haibebi wafalme, wala siifikishi kwenye heshima ile. Lakini ukimtazama kijana anayepiga mapigo kumi huku macho yake yako kwa mpinzani, utakubali kwamba vidole vikifundishwa kwa subira hushika mambo ambayo kichwa kingeyasahau.

Ustadi ulionigusa zaidi ulikuja na Tekken Tag Tournament, iliyofika PlayStation 2 mwaka 2000. Kila upande una wapiganaji wawili: mmoja anapigana, mwingine anapumzika nje, na akiwa nje sehemu ya uhai alioupoteza inamrudia. Unawabadilisha kwa kitufe kimoja. Ila mmoja wao akiisha, wote wawili wameshindwa, hata kama mwenzake hajaguswa. Sheria hiyo moja inabadilisha kila kitu. Huwezi kumtoa mwenzako kafara. Lazima ujue lini yuko hatarini, umvute nje kabla hujachelewa.

Katika Tag ya pili, iliyofika PlayStation 3 mwaka 2012, watu hadi wanne wanaweza kucheza wawili kwa wawili, kila mtu na mpiganaji wake. Sasa kubadilishana si kitufe tu, ni maneno. “Yaya, nitoe!” “Vumilia kidogo!” Yule aliyekuwa akimcheka mdogo wake kwa kutojua anaanza kumfundisha, maana ujinga wa mdogo ni kifo cha wote wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kamina, mji wetu, ni njia panda ya reli: njia moja kwenda Lubumbashi, nyingine Ilebo, nyingine Kabalo. Mtu wa hapa anajua kusubiri, na anajua kwamba si kila saa ya kusubiri ni saa iliyopotea. Basi wewe mwenye chumba, asubuhi kabla wateja hawajajaa, mwachie mtoto yule wa mara ya kwanza maneti, apande ngazi na mashine. Jioni waweke wawili upande mmoja. Utakosa faranga chache leo. Kesho utakuwa na wachezaji wanaojua, na pambano lao ndilo watu watakalokuja kulitazama.