Furaha Isiyo na Raha

Wenzangu wa kalamu, naanza kwa kujisema mwenyewe, asije mtu akadhani nawasimanga. Mimi pia nimeandika shairi la furaha katika Bwana. Beti nane, vina vimekaa, mizani haipungui wala haizidi. Mle ndani jua lachomoza, ndege waimba, moyo waruka. Wenzangu wa kwaya walilipenda. Kisha dada yangu akalazwa wiki tatu, nami, kwa kujiona msanii, nikampelekea. Akalisoma lote. Akalikunja. Akasema, "Mdogo wangu, umepanga vizuri. Ila hili ni la watu wasioumwa."

Iliniuma, siwafichi. Ndipo nikaugeukia Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, ambao kila mhubiri akitaka kunena habari za furaha ndiko anakokimbilia. Nilimsomea dada palepale kitandani kwa sababu moja tu: ni mfupi. Sura nne, mistari 104, hata nusu saa humalizi.

Katika Kigiriki chake, neno furaha pamoja na vitenzi vya kufurahi vimo mara 16. Mmoja wetu angeleta kazi ya namna hiyo tungemwambia, bwana, unarudiarudia. Mbona Paulo hachoshi? Naona ni kwa sababu karibu kila furaha yake imebanwa na kero. Yuko kifungoni (wataalamu wangali wanabishana kama ni Roma, Efeso au Kaisaria, kwangu mimi mnyororo ni mnyororo). Hajui kama ataachiwa au atauawa. Huko nje wapo wanaohubiri kwa husuda, makusudi wamwongezee machungu, naye anaona mradi Kristo anatangazwa, basi, atafurahi. Na anaowaandikia ni watu wa mji uleule ambako, kwa habari ya Matendo sura ya 16, yeye na Sila walichapwa, wakafungwa miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wakaimba. Hawezi kuwadanganya hao kuhusu jela.

Halafu yuko Epafrodito. Wafilipi walimtuma ampelekee Paulo msaada, akaugua karibu kufa. Kinachomhangaisha, kumbe, si ugonjwa: ni kwamba watu wa kwao wamesikia anaumwa! Hapo dada alicheka mpaka jirani wa kitanda cha pili akageuka. "Huyo mama mtupu," akasema. Kweli, mama yetu hata akizidiwa neno lake ni moja: msiwaambie watoto. Paulo hakubuni mfano wa kupendeza. Alimtazama mtu.

Sasa njoo sura ya nne, kwenye ule mstari wa kuamuru furaha, unaopambwa kwenye kalenda na kuandikwa nyuma ya daladala. Sisi tumezoea kuukata na kuuning'iniza peke yake. Urudishe mahali pake. Juu yake tu wapo Euodia na Sintike, wanawake wawili walioshindania Injili pamoja na Paulo, na sasa hawapatani. Majina yao yametajwa katika barua ya kanisa zima. Jamani, aibu iliyoje! Nawaona wamenuniana, mmoja benchi la kulia, mwingine la kushoto, na amri ya kufurahi inawaangukia wote wawili, tena mara mbili. Kwenye daladala hakuna anayejua kwamba mstari ule umetoka kwenye ugomvi.

Si kwamba barua yote ni laini. Sura ya tatu inakatika ghafla, anawaita wapinzani mbwa, na furaha inapotea kitambo. Wapo wasomi wanaosema zimeunganishwa barua mbili au zaidi. Inawezekana. Mimi nasikia mtu aliyekasirika, na namwamini zaidi kwa hilo.

Neno letu lenyewe linatupotosha kidogo. Ndani ya "furaha" tunasikia "raha", tukadhani moja limemzaa mwenzake. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti. Ndugu wa kweli wako kwenye Kigiriki: furaha ni chara, neema ni charis, shina moja, undugu ambao Union Version ya 1952 isingeweza kutuonyesha kwa maneno ya Kiswahili. Paulo ana furaha, raha hana. Mashairi yetu, na langu likiwa mbele, yana raha tele, jua na ndege na upepo mwanana, tukayabandika jina la furaha.

Mshikaji wangu mmoja alinibishia: shairi si barua, anayesifu aachwe asifu. Sawa, asifu. Lakini dada aliniuliza swali ambalo huyo mshikaji hajanijibia: "Kwako Epafrodito yuko wapi?"

Dada yuko nyumbani sasa. Nimelifungua tena lile shairi. Ndege wote nimewafukuza na beti tano zimekufa. Katika ubeti wa tatu nimemweka yule jirani wa kitanda cha pili, ambaye katika siku zote nilizokwenda sikumwona na mgeni, na ambaye kila dada alipoanzisha wimbo alidakia sauti ya pili bila kufumbua macho. Kina cha mwisho bado kinanikataa.